Redio ya babu: ya mkononi au ya mezani?

Mwezi uliopita msomaji mmoja wa Mbagala alinitumia ujumbe: "Dada, baba yangu ana miaka 78, redio yake imekufa kabisa, fundi amekata tamaa. Nimnunulie ya mkononi au ya mezani?"

Nilicheka kidogo, maana safu hii ni ya afya na si ya vifaa vya umeme. Kisha nikaacha kucheka. Swali hilohilo limeshanigharimu redio 2, nauli ya kwenda na kurudi Lushoto mara 3, na siku nzima ya kununiwa na bibi yangu. Na jibu lake sikulipata Kariakoo nilikokuwa nalitafuta, nililipata zahanati. Kwa hiyo msomaji wangu wa Mbagala nivumilie, nitafika kwenye redio ya baba yako, lakini nitapitia kwa babu yangu kwanza.

Babu ana miaka 81. Anaishi na bibi kijijini kwetu, juu ya Soni, kwenye nyumba iliyokaa ubavuni mwa mlima, mahali ambapo ukidondosha chungwa unalifuata bondeni. Siku yake inaanza na redio kabla ya chai na inaisha na redio baada ya isha. Bibi husema redio ndiyo mke mkubwa, yeye aliolewa wa pili, na mimi mjukuu, ambaye babu huniita "mke wangu" kama ilivyo utani wa kwetu, ni wa tatu na sina changu.

Mwaka juzi, jioni moja, babu alikuwa barazani anasikiliza kile kipindi cha salamu na matangazo, kinachochanganya kila kitu: huyu anawasalimu wakwe zake, yule amepoteza kitambulisho, mwingine anatangaza msiba. Wakati wa kula akasema, "Mwenzangu amesafiri, ameenda Tanga. Mbona safari hii hakuniaga?" Alimtaja rafiki yake wa tangu utotoni, waliyechunga mbuzi pamoja. Hakuna aliyemjibu kitu, watu waliendelea kula.

Rafiki yake hakuwa amesafiri. Alikuwa amefariki, hukohuko Tanga alikopelekwa kwa matibabu, na kesho yake baada ya alasiri akazikwa kijiji cha jirani, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Babu alizipata habari siku ya tatu, msikitini. Aliporudi nyumbani aliuliza swali moja tu: "Nani amenificha?" Hakuna aliyemficha. Watu wa msiba hawakupiga simu kwa sababu, walivyosema wenyewe, "Tulijua mzee atakuwa amesikia, yeye ndiye redio ya kijiji."

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Familia ilikaa kikao. Wengine tulikuwa kwenye simu. Baba mdogo akasema mzee ameanza kuchanganya mambo, kwamba si mara ya kwanza, wiki iliyopita aliambiwa magunia 3 ya viazi akaandika 6, na kwamba sasa fedha za mboga zishikwe na mtu mwingine. Mtu wa kuunga mkono hakukosekana. Na mimi, mwandishi wa afya mwenye shahada yake, nilifanya nini? Nilituma kwenye kundi la familia orodha ya dalili za ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Nilikuwa nimetoka kuandika habari hiyo wiki hiyohiyo, kila mzee nilimwona kwa miwani ile. Naona haya nikikumbuka.

Hakuna aliyeuliza kama mzee alisikia vizuri.

Tamka maneno haya mawili polepole: amefariki, amesafiri. Irabu zake ni zilezile na kwa mpangilio uleule: a, e, a, i, i. Kinachotofautisha uhai na kifo hapo ni f, s, r na k. Na uzee hauchukui sauti zote kwa mkupuo. Unaanza na zile za juu, nyembamba, zisizo na nguvu, ambamo s, f, sh, t na k zinakaa. Irabu zinabaki maana ni nzito na zina nguvu. Ndiyo maana mzee atakwambia "nakusikia, ila sikuelewi", na anasema kweli tupu. Anasikia kwamba unaongea, ila herufi hazifiki. Ubongo wake unajaza mapengo kwa kubahatisha, na mara nyingi unabahatisha vizuri, hadi siku unapokosea kwenye neno lisilokoseka.

Tatu na sita nazo zinaweza kukosewa, hasa kama anayesema yuko uani na amegeuka upande wa pili. Baba mdogo alisahau kusema kwamba aliyataja yale magunia akiwa juu ya pikipiki inayonguruma.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwasumbua maishani. Lipo pia jambo linaloongeza uzito: wataalamu waliokusanya utafiti wa dunia kwenye jarida la Lancet, mwaka 2020 na tena 2024, wameuweka upungufu wa kusikia miongoni mwa vihatarishi vya ugonjwa wa kusahau vinavyoweza kupunguzwa. Kwa hiyo si kwamba kusahau hakupo. Kupo, na sikio lililoachwa bila msaada huenda likachangia. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mzee aliyesahau na mzee ambaye hakusikia tangu mwanzo, na tofauti hiyo inapimwa kwanza, kabla ya kikao.

Mimi sikuanza kwa kupima. Nilianza kwa kununua redio.

Redio yake ya zamani ilikuwa inakwaruza, spika imechanika, kwa hiyo nilijiambia tatizo ni hilo. Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani aliniwekea mezani mtambo mkubwa wa kuchomeka ukutani, wenye taa za rangi, sehemu ya flashi na kadi, na spika ambayo alipoifungulia muziki nilihisi kifua kinatetemeka. "Hii dada, mzee wako atasikia hata akiwa shambani." Nikalipa. Nilinunua kwa macho yangu.

Kule nyumbani soketi iko sebuleni, juu ya kabati. Babu anakaa barazani, kwenye kiti chake, hatua 6 au 7 kutoka pale, na katikati kuna ukuta na pazia. Ili asikie ilibidi ifunguliwe sana, na ikifunguliwa sana kinachotoka ni besi. Mtangazaji akawa anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Watoto walifurahi, walikuwa wanacheza muziki. Bibi akaninunia. Alisema nimemletea disko ndani na mume wake bado hasikii.

Redio ya pili ikawa kinyume chake kabisa. Ndogo, inaingia mfukoni mwa koti, na babu havui koti lake hata jua likiwaka. Ya kuchaji, ina kioo chenye namba, na inajitafutia stesheni yenyewe: unabonyeza kitufe, inapita masafa yote, inahifadhi inazozikuta. Nilifikiri nimemaliza. Siku ya kwanza babu alikuwa nayo shambani, anatembea nayo kama kijana. Siku ya pili kidole kikabonyeza kitufe kile bila kukusudia, nayo ikazitafuta stesheni upya akiwa bondeni, mahali ambapo hakuna kitu kinachoshika, ikahifadhi mingurumo mitupu. Vitufe vyenyewe ni vidogo kama punje za mchele na maandishi yake meupe juu ya kijivu. Babu ana mtoto wa jicho upande wa kushoto unaosubiri upasuaji. Alinipigia simu akasema kwa upole, "Mke wangu, hii redio yako imekufa." Haikuwa imekufa.

Bibi ndiye aliyetupatia jibu, na hakuwa anajibu swali langu. Alikuwa analalamika tu. "Akiniangalia ananisikia. Nikimpa mgongo hanisikii. Halafu analala upande wa kushoto, akilala hivyo hata jogoo hamsikii."

Wataalamu wa masikio wangefurahi kuwa na msaidizi kama bibi. Mtu anayesikia akikuangalia na hasikii ukigeuka, anasoma midomo bila kujua kwamba anasoma. Na anayelalia sikio la kushoto akawa kiziwi, maana yake sikio la kulia, lililobaki juu, ndilo halifanyi kazi. Niliporudi mara ya tatu sikubeba redio. Tulishuka na babu hadi zahanati.

Tabibu alimulika masikio yote mawili kwa kile kitochi chao chenye ncha. La kushoto salama. La kulia lilikuwa limezibwa na nta, ngumu, nyeusi, imejaa hadi mlangoni. Akauliza, "Mzee, unasafisha kwa nini?" Babu akajibu kwa fahari kabisa: kwa njiti ya kiberiti aliyoizungushia pamba, kila Ijumaa, tangu ujana. Tabibu akamweleza kwamba njiti haitoi nta, inaishindilia ndani. Alimpa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, tukarudi, akaosha kwa maji ya uvuguvugu na bomba. Kilichotoka sitakielezea kwenye ukurasa ambao watu wanausoma wakinywa chai. Babu alinyanyua kichwa, akageukia dirishani, akasema, "Kumbe kuna mvua."

Hapa niweke tahadhari. Usijaribu kuosha nyumbani, na usimwage matone yoyote kwenye sikio linalotoa usaha, linalouma au lililowahi kutoboka ngoma. Mafuta ya moto, kitunguu saumu, majani ya kukamua, yaache. Na kama mtu amepoteza kusikia ghafla, kwa saa chache au ameamka hivyo asubuhi, hasa sikio moja, hiyo haisubiri kuisha kwa wiki. Ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zake zinafaa zaidi zikiwahi.

Nta ilikuwa nusu ya tatizo. Baadaye tulimpeleka hospitali kubwa kwenye kitengo cha masikio, pua na koo, akakaa kwenye chumba cha kimya na hedifoni, akawa anabonyeza kila anaposikia mlio. Mchoro ulionesha kile nilichokieleza juu: sauti nzito anazisikia, nyembamba zinaporomoka, masikio yote mawili. Ni uzee. Walitushauri kifaa cha kusaidia kusikia. Bei yake tunaichangia hadi leo, na babu mwenyewe bado hajaamua kama anataka "sikio la plastiki". Ila nilitoka pale na karatasi mkononi, na kwa mara ya kwanza nikajua natafuta redio ya masikio gani. Na kwenye kundi la familia niliomba radhi kwa ile orodha. Fedha za mboga zilibaki kwa mwenyewe.

Haya, redio.

Jambo la kwanza ni umbali, na linazidi ukubwa wa redio. Sauti ikisafiri hewani, kila umbali unapoongezeka mara 2 hupungua kwa desibeli 6 hivi. Redio iliyo mita 4 ukiisogeza hadi mita 1 umempa mzee desibeli kama 12 bila kugusa swichi ya sauti, na bila kumkera aliyelala chumba cha pili. Ndani ya chumba chenye kuta zinazorudisha sauti hesabu hiyo inapungua kidogo, lakini faida haiondoki, kwa sababu ya karibu pia inaufikia sikio kabla haijachanganyika na mwangwi, kelele za sufuria na watoto. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ya mkononi au ya mezani. Uliza: huyu mzee akisikiliza, kichwa chake kiko wapi?

Mzee anayekaa, mwenye kiti chake na saa zake, anafaa redio ya mezani, ila "mezani" iwe meza iliyo pembeni yake na si kabati la sebuleni. Faida ya ya mezani ni spika. Spika kubwa kiasi inaongea kwa sauti ya wastani bila kukwaruza, wakati ile ndogo ya mfukoni ukiifungua sana inaanza kupasua maneno, na sauti iliyopasuka kwa sikio la uzee ni mbaya kuliko sauti ndogo. Watu wengi wanakosea hapa. Wanadhani mzee anataka sauti kubwa. Mzee anataka sauti safi. Tafuta yenye swichi ya kurekebisha sauti nzito na nyembamba, punguza nzito, ongeza nyembamba, halafu sikiliza taarifa ya habari. Kwako itakuwa kali kidogo. Kwake itakuwa maneno.

Anayetembea, anayepalilia au anayekaa na mifugo, huyo wa mkononi. Lakini mpe yenye swichi za kuzungusha, moja ya sauti na moja ya stesheni, zenye mikwaruzo ya kushikika kwa kidole chenye baridi yabisi. Ile ya kujitafutia stesheni ni nzuri kwa anayeona kioo na kukumbuka vitufe. Kwa asiyeona vizuri ni mtego, nimeshawaeleza. Na iwe na kamba ya kuning'iniza au iingie mfukoni kabisa. Mzee mwenye fimbo mkono mmoja na redio mkono wa pili hana mkono wa kujishikilia akijikwaa, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri ule si jambo dogo. Ya mezani nayo ina hatari yake, waya. Waya unaokatiza mlangoni kwenda kwenye soketi ni mtego uleule wa nyonga.

Suala la kushika mawimbi sisi watu wa milimani tunalijua kuliko wa Dar. FM inakwenda karibu kama mwanga, ikikutana na mlima inakata. Ndiyo maana redio ya mkononi inaongea vizuri mgongoni mwa kilima na kunyamaza ukishuka bondeni, na si kosa la redio. Ya mezani ukishaipatia pembe yake dirishani unaiacha hapohapo, na antena yake unaweza kuivisha kipande cha waya wa shaba, ukakivuta hadi juu ya dirisha. Kwa stesheni za masafa ya kati, ile antena ndefu haina kazi, antena yake iko ndani ya redio, kwa hiyo zungusha redio yenyewe hadi sauti isafike. Na ukisikia mlio wa nyuki kwenye masafa hayo, zima taa za LED na chaja za simu zilizo karibu, halafu sikiliza tena. Babu alikuwa anailaumu serikali kwa mlio ambao ulikuwa unatoka kwenye chaja yangu.

Betri pia ziangalie. Redio inayotumia betri kubwa, zile za tochi ya zamani, inadumu mara kadhaa zaidi ya inayotumia ndogo za rimoti. Betri zikichoka, maneno huanza kufifia na kupasuka kabla redio haijazima, na mzee hatajua kwamba ni betri, atajua kwamba masikio yamezidi. Zikichoka zitolewe zote pamoja, zisiachwe zikatoa maji ndani. Ya kuchaji isilaliwe chini ya mto ikiwa inachajiwa, inahitaji kupumua. Na kama kuna kitukuu anayetambaa, angalia redio au rimoti yake isiwe na zile betri bapa kama kifungo. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Ukishuku amemeza, usisubiri dalili, nenda hospitali.

Mtaniuliza kuhusu simu. Simu nyingi zenye redio zinahitaji hedifoni zichomekwe ndipo zishike, maana waya ule ndio antena. Babu alijaribu mara moja, simu ikaita katikati ya taarifa ya habari, akashtuka kidogo aitupe. Tuliacha.

Hedifoni zenyewe, kwa usiku, ni jambo jema, kwa sababu ndoa za miaka 55 zina haki ya usingizi. Lakini mzee mwenye upungufu wa kusikia atafungua sana bila kujua. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama kwa mtu mzima, na kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Nyumbani huna kipimo, ila kipo cha kienyeji: kama wewe uliyekaa hatua moja kutoka kwake unasikia maneno yanayotoka kwenye hedifoni, imezidi. Masikio ya uzee nayo yanaharibika kwa kelele, wala hayajafika mwisho wa kuharibika.

Ukienda dukani mchukue mwenyewe kama anaweza kusafiri. Usimruhusu muuzaji aweke muziki. Tafuteni stesheni ambayo mtu anaongea, iweke hatua moja kutoka kwa mzee, geuza uso wako asisome midomo, kisha muulize mtangazaji amesema nini. Usimuulize kama anasikia, maana atasema ndiyo. Mwachie azungushe swichi akiwa amefumba macho. Mtaonekana wa ajabu, sisi tulionekana wa ajabu, foleni ikajaa nyuma yetu.

Tuliyoichukua siku ile ni ya mezani, ndogo, yenye mkono wa kubebea, swichi 2 za kuzungusha, umeme na betri kubwa. Haina taa hata moja. Inakaa juu ya stuli upande wa kulia wa kiti chake, kimo cha sikio, na jioni anaibeba mwenyewe kuingia nayo ndani. Ile ya mfukoni nilimbandikia plasta juu ya kitufe cha kutafuta stesheni, sasa anakwenda nayo shambani. Disko la bibi lilihamia kwa baba mdogo.

Kwa rafiki yake alikwenda mwishoni, peke yake, akakaa kaburini kutwa nzima. Hatukumuuliza alisema nini.

Msomaji wangu wa Mbagala nilimjibu kwanza kwa swali: baba anakaa wapi akisikiliza? Akanijibu kwamba baba ana genge la nyanya na vitunguu, anakaa hapo toka alfajiri hadi magharibi, na wateja wameanza kulalamika kwamba anakosea chenji. Nilimwambia ampeleke akaangaliwe masikio wiki hii, kabla ya kwenda dukani na kabla mtu hajaanza kuzungumzia chenji kwenye kikao. Halafu amnunulie ya mkononi, yenye swichi kubwa, aining'inize kwenye nguzo ya genge upande wa sikio lake zuri, na aizime kila mteja anaposimama.